Kabla ya Lami, Hesabuni Milango

Waheshimiwa madiwani, wahandisi, na nyinyi wanafunzi mliosimama huko nyuma, asanteni kwa kunikaribisha hapa Kampala. Wengine mmeshanisikia nikiyasema haya Mukono na Entebbe. Nitayasema tena, kwa sababu fomu ya alama ya kuombea fedha za barabara bado ni ile ile.

Namna fedha za barabara zinavyoombwa mnaijua kuliko mimi. Fomu nilizowahi kukaa nazo mezani zina alama za msongamano, za gharama, za mifereji, za mahesabu safi. Vizuri. Sijaona hata moja inayouliza: mpangaji wa muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga, ulio kando ya barabara hii atakuwa anaishi wapi miaka mitatu baada ya lami?

Upande wa Kira nilikuwa na jirani, tukimwita Mama Chapati. Muzigo wake ulikuwa chumba kimoja kwenye safu ya milango minane, pazia la maua katikati, kitanda huku, sigiri na gunia la unga kule. Alfajiri alijitwika beseni la donge lililokwisha kukandwa, akatembea dakika saba hadi stejini. Hakulipa nauli hata shilingi. Lami ikaja. Siku ya uzinduzi tulicheza ngoma, na yeye alicheza. Mwezi uliofuata kodi ikapanda. Haukupita mwaka, safu yote ikabomolewa, ukajengwa ukuta wenye geti jeusi. Mama Chapati akahamia mbali, kwenye vumbi jekundu, lakini wateja wake wangali kwenye steji ile ile. Sasa anaamka saa tisa usiku, anapanda boda hadi barabara kuu, kisha basi dogo la taksi, beseni mapajani.

Sikieni vizuri hapo. Mtu aliyekuwa akitembea sasa ni abiria, mara mbili kwa siku. Ombi lile lilipewa alama kwa kupunguza msongamano, na barabara yenyewe imemwingiza yeye kwenye msongamano!

Najua kuna mhandisi anayenong'ona kwamba nyumba ni kazi ya wizara nyingine. Mzee wangu, Mama Chapati hapandi wizara, anapanda taksi. Na jambo hili linawezekana. Kule Marekani, kwenye kaunti 9 zinazozunguka Ghuba ya San Francisco, tume ya usafiri ilianzisha mwaka 2012 utaratibu ambao mji usio na mpango wa nyumba ulioidhinishwa na jimbo haupati fedha za barabara za tume hiyo. Mgawo wa kila kaunti ulitazama idadi ya watu, na pia nyumba zilizojengwa kweli, zile za watu wa kipato cha chini zikipewa uzito zaidi. Kodi za kupanga kule bado ni kali, sikatai. Lakini swali limo kwenye fomu.

Mtaniambia: kule hakuna mailo, aina yetu ya kumiliki ardhi. Kweli. Kwetu Katiba ya 1995 inatambua umiliki wa aina nne, na juu ya mailo yupo mwenye hati na yupo mwenye kibanja, yaani anayekalia kipande cha ardhi hiyo bila hati. Basi hiyo ndiyo sababu ya kukubaliana nao mapema. Mnapokwenda kumwomba mwenye ardhi aachie ukanda wa kupanua barabara, ongeeni naye siku hiyo hiyo habari ya vyumba vya kupanga. Lami ikishakauka, mtamwambia nini awasikilize?

Ombi langu ni hili. Katika kila alama 100, tengeni 20 za makazi. Hesabuni milango ya kupanga iliyo umbali wa nusu kilomita kutoka barabarani kabla ya greda kufika. Mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, anaijua yote. Baada ya miaka miwili, hesabuni tena. Milango ikipungua, manispaa ipoteze alama kwenye ombi linalofuata. Msiwape alama kwa ahadi.

Sheria ya mipango ya 2010 imeshaifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango, kwa hiyo kisingizio kwamba mtaa fulani hauko chini ya mipango hakipo. Na sensa ya 2024 imeikuta Wakiso, wilaya inayoizunguka Kampala, ikiwa na watu zaidi ya milioni 3, Kampala yenyewe haifiki milioni 2. Mnaona watu wanakosukumwa.

Naoneshwa saa. Reli na vituo vya mabasi nilitaka kuvigusa, basi, niviache. Mwenye fomu ya mwaka huu aje nayo hapa mbele, kalamu ninayo.