Andikeni na Sufuri

Mwangaluka! Haya, mmeitikia vizuri, basi tuko nyumbani. Mlio nyuma sogeeni, sauti yangu si ya mnadani.

Kesho tunavuka kwenda Saanane, hapa Mwanza, ndani ya Ziwa Victoria. Wazee wenu wanakikumbuka kisiwa hicho kama bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, iliyoanza mwaka 1964. Tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Ni ndogo, kilometa za mraba 2.18, na hapo maji nayo yamehesabiwa. Lakini msidhani tutamaliza kabla ya chai ya saa nne.

Kazi yetu ni kujua mimea vamizi, ile ya kigeni inayoenea na kusonga ya asili, iko wapi na imeenea kiasi gani. Tuanze na majina. Mnakumbuka mapema mwaka 2025 vivuko vya Kigongo–Busisi vilivyokuwa vikihangaika kwenye magugu? Mtaani kila mtu alisema magugu maji yamerudi. Lakini gugu maji tulilolizoea lina ua la zambarau na vikonyo vilivyovimba kama puto. Lililotusumbua safari ile ni salvinia: halina ua kabisa, na majani yake yana vinyweleo, maji yanateleza juu yake. Msione ni ubishi wa wasomi. Mbawakawa walioletwa ziwani miaka ya 1990 wanakula gugu maji. Ukiwapa salvinia watakufa njaa, maana ile ina mdudu wake. Ukikosea jina umekosea na dawa.

Nchi kavu, mshukiwa wangu wa kwanza ni kichaka kiitwacho lantana. Ililetwa kutoka Amerika ya kitropiki kwa ajili ya uzuri wake, watu wakaipanda iwe uzio. Ishikeni shina: lina pembe nne. Sugueni jani: linakwaruza kama msasa na harufu yake haijifichi. Maua ya kishada kimoja yanaweza kuwa ya njano katikati na ya waridi pembeni. Matunda yakiiva ni meusi, ndege wanayapenda. Ndege anakula kwenye uzio wa mtu huku mjini, anavuka maji, anatua mtini, na chini ya mti huo mbegu inadondoka pamoja na mbolea yake. Kwa hiyo tazameni chini ya miti wanakolala ndege. Kuna ndugu yake mwenye majani matatu matatu kwenye kila fundo. Huyo aandikwe kivyake. Mkishindwa kutambua mmea, chukueni tawi lenye ua au tunda, lilazeni katikati ya magazeti, mlikandamize. Picha peke yake mara nyingi haitoshi.

Sasa nikiri kosa langu. Upimaji wangu wa kwanza, kwenye msitu ambao sitautaja, nilitembea siku mbili na jipiesi, kile kifaa cha kuonyesha mahali ulipo, mkononi nikiweka alama kila nilipoona lantana. Ramani ikatoka maridadi, lantana imefuata njia zote! Mzee mmoja mlinzi wa msitu akaitazama, akaniuliza, "Na kule usikopita?" Sikuwa na jibu. Niliyoichora haikuwa ramani ya lantana, ilikuwa ramani ya viatu vyangu.

Ndiyo maana kesho tunavuta kamba ya mita 100, imenyooka, na mwanzo wake tumeuchagua kwa bahati nasibu. Kila mita 10 tunaweka fremu ya mita moja kwa mita moja. Watu wawili wanakadiria asilimia ya ardhi iliyofunikwa na mmea vamizi, kila mtu kimya kimya, ndipo walinganishe. Fremu ikiangukia mwamba, na Mwanza hii mwamba hauepukiki, andikeni "mwamba". Msiisogeze kwenye majani mazuri. Na pasipo na mmea vamizi, andikeni sufuri. Vijana wengi huona aibu kurudi na karatasi ya sufuri, kana kwamba hawakufanya kazi. Sufuri ya mwaka huu ndiyo itakayotuambia mwaka kesho kwamba mmea umeingia. Karatasi tupu haituambii kitu, maana hatujui kama hapakuwa na mmea au hamkufika.

Naam, dada pale. Tukiiona lantana tuing'oe? Kesho hapana. Ukiikata inachipua tena kisikini, na ukiiburuta ikiwa na matunda umeisambaza mwenyewe. Pigeni alama, kung'oa kuna siku yake na majembe yake.

Boti ni saa moja asubuhi. Pigeni viatu brashi kabla ya kupanda, na mkague pindo za suruali, mbegu zisisafiri nasi. Tukirudi, vilevile.