Msianzie Makaburini

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Naanza na ombi ambalo walionisikia kabla wanalijua kwa moyo: mkifika kwenye kijiji cha mababu huko Uingereza, msikimbilie makaburini. Kila kiangazi nawaona watu wamepiga magoti, wanasugua mawe kwa brashi (na mnayaharibu, acheni). Mnatafuta nini? Kibarua wa shamba wa mwaka 1800 angepata wapi fedha ya jiwe? Alizikwa, nyasi zikaota, basi.

Mama mkwe wangu alilelewa akiambiwa kuwa ukoo wao ni wa kijiji kimoja cha Wiltshire tangu na tangu. Wanangu nao wakaipokea hadithi hiyo. Tulikwenda naye, tukazunguka makaburi siku mbili, tusione hata jina moja. Mama alilia. Siku ya tatu nikampeleka Chippenham, zinakotunzwa nyaraka za kaunti, tukaagiza makaratasi ya wasimamizi wa maskini wa parokia ile, yaani wale waliogawa msaada kwa fedha ya kodi ya parokia. Humo ndimo alimokuwamo nyanya wa nyanya yake: mjane, watoto watatu, mwaka 1829, ameapishwa mbele ya mahakimu wawili. Pa kutia sahihi kachora msalaba.

Sikilizeni aliyoyaeleza. Alikuwa akiishi parokia nyingine, alikozaliwa. Mume akafa, naye akaomba msaada wa chakula. Sheria ya ukaazi ya 1662 ilitaka maskini alishwe na parokia yake, na mke alihesabiwa wa parokia ya mumewe. Marehemu, kabla hajaoa, aliwahi kuajiriwa shambani mwaka mzima katika kile kijiji chetu, na mwaka huo mmoja ulitosha kumfanya mwenyeji wa huko. Basi mjane akapakiwa kwenye mkokoteni na wanawe, akapelekwa mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Hiyo ndiyo “tangu na tangu” yetu!

Najua kuna atakayeniambia: madaftari ya parokia yapo tangu 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, alipoamuru yaandikwe. Yapo, na nayapenda. Lakini daftari la ubatizo litakupa jina, tarehe na wazazi. Halitakuambia mtu alifanya kazi kwa nani, kwa ujira gani, na njaa ilimkuta wapi. Mwingine atasema intaneti ina kila kitu. Haina! Makaratasi mengi ya maskini hayajapigwa picha; yamo kwenye maboksi, yanasubiri mtu ayaagize. Wala msiseme maskini hawakuandikwa. Kila shilingi waliyopewa ilitoka kwa walipa kodi wa parokia, na mlipa kodi hutaka hesabu. Kwa hiyo waliandikwa, tena kwa urefu.

Muda unanibana, niyataje haya mbio. Sensa ya 1841 ilishusha umri wa watu wazima hadi kwenye tano iliyo chini: wa miaka 39 kaandikwa 35. Kabla ya 1752 mwaka ulianza 25 Machi, hivyo Februari 1720 ya daftarini, kwa hesabu yetu ni 1721. Vyeti vya serikali vya kuzaliwa, ndoa na kifo vinaanza Julai 1837. Na wenye asili ya Imber, kijiji kingine cha Wiltshire, nilitaka kuwapa nusu saa nzima: watu wake walitolewa Desemba 1943 ili askari wa Marekani wafanye mazoezi, na hawakurudishwa mpaka leo. Kanisa lake, la St Giles, hufunguliwa siku chache tu kwa mwaka. Ulizeni tarehe kwanza, ndipo mkate tiketi.

Mama mkwe, alipomaliza kusomewa yale makaratasi, aliuliza, “Kwa hiyo yeye, kwao hasa ni wapi?” Mwaka uliofuata tukaitafuta njia kati ya parokia zile mbili. Ni maili 9. Mama ana miaka 74, na alikataa gari. Tukaitembea kwa miguu, kutoka alikopelekwa yule mjane hadi alikotolewa.