Walker hakuwa mtembeaji: kazi zilizojificha kwenye majina ya Kiingereza

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji wetu, mimi ni Rehema, niko na kaka Musa, na leo kuna jina moja limemkaa kichwani wiki nzima.

MUSA: Walker, dada. Mi miaka yote nilijua Walker ni mtembeaji, ukoo wa watu wa safari safari hivi.

REHEMA: Kumbe siyo?

MUSA: Siyo kabisa! Walker alikuwa anakanyaga nguo. Sikia, zamani Uingereza kitambaa cha sufu kikitoka kufumwa kinakuwa kimelegea alafu kina mafuta ya kondoo, basi wanakitumbukiza kwenye hodhi la maji na udongo fulani wa kunyonya mafuta, au mkojo uliolala siku kadhaa, ndio dada, mkojo, halafu mtu anaingia peku anakanyaga anakanyaga mpaka kisinyae, kishikane, kiwe kizito cha kuzuia baridi.

REHEMA: Yani kama bibi alivyokuwa anafua mablanketi! Beseni kubwa, sabuni ya mche, anatupandisha wajukuu tukanyage, maji yanatoka meusi tii.

MUSA: Hiyo hiyo. Na kazi moja ina majina matatu, kaskazini wanamwita Walker, kusini mashariki Fuller, kusini magharibi Tucker, kwahiyo jina linakupa kazi na upande aliotoka.

REHEMA: Sasa kazi inageukaje kuwa ukoo?

MUSA: Majina yalikuwa machache mno. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walivyoiteka Uingereza 1066 walikuja na William, Robert, Richard, watu taratibu wakaacha majina yao ya kale wakafuata hayo, na John naye akashamiri. Ikifika karne ya 14 kijiji kimoja kina akina John kibao, na kodi ya kichwa inatozwa 1377, 1379, tena 1381, karani anaandika John yupi?

REHEMA: Kama mtaani tu, Juma Fundi, Juma wa Kisimani, Juma Mrefu.

MUSA: Ndo hivyo! Smith ni mhunzi, Hill kakaa kilimani, Long ndo huyo mrefu wako. Johnson na Dixon ni bin tu, Dixon mtoto wa Dick, na Dick ni Richard.

REHEMA: Mi zilizonigusa ni Webster na Baxter, maana ile -ster ya mwisho kwenye Kiingereza cha kale ilikuwa ya mwanamke. Webster mwanamke anayefuma, Baxter mwanamke anayeoka mikate, Brewster anapika pombe. Baadaye wanaume wa kazi hizo nao wakaitwa hivyo hivyo, ukoo ukapita kwa baba, lakini mwanzo wa lile neno kuna mama mbele ya tanuru, unga mpaka kwenye viwiko. Hilo nalipenda sana.

MUSA: Na Walker naye, tangu mwishoni mwa karne ya 12 vinu vya maji vilishaanza kupiga vile vitambaa kwa nyundo za mbao, miguu ikapumzika, watu wakaendelea kuitwa Walker.

REHEMA: Basi wikiendi mtangazaji wa mpira akitaja Kyle Walker, mi naliona beseni la bibi.