Kuchanganya Rangi Ndani ya Maumbo kwa C# na GDI+

Karibuni, watazamaji. Katika video hii tutatumia lugha ya C# na GDI+, maktaba ya Windows ya kuchorea, kuchora duaradufu ambayo rangi yake inaanzia nyekundu upande wa kushoto na kuishia kijani upande wa kulia. Fungueni mradi wa Windows Forms (programu za madirisha), na juu kabisa ya faili la fomu ongezeni using System.Drawing.Drawing2D; kwa kuwa brashi tunazozihitaji, yaani vitu vinavyojaza umbo rangi, zimo humo. Msimbo wa kuchora uwekeni ndani ya tukio la Paint, ambalo Windows huliita kila dirisha linapohitaji kuchorwa upya.

Sasa tengenezeni mstatili wenye upana wa pikseli 300 na kimo cha pikseli 150, kisha uundieni LinearGradientBrush, brashi inayobadilisha rangi kwa kufuata mstari ulionyooka, yenye Color.Red, Color.Green na pembe ya digrii 0. Kuweni makini hapa: kinachoamua rangi zianzie na ziishie wapi ni mstatili wa brashi, wala si umbo lenyewe, na ukiwa mwembamba kuliko umbo, rangi hujirudia na kuacha mstari mkali. Kwa hiyo mstatili huohuo upeni pia FillEllipse, amri inayojaza duaradufu rangi.

Endesheni programu mtazame katikati ya umbo. Pale pana hudhurungi iliyofifia, kwa sababu wastani wa nyekundu (255, 0, 0) na kijani (0, 128, 0) ni takriban (128, 64, 0). Mimi siipendi hata kidogo. Inaua mchoro mzima.

Dawa yake ni ColorBlend, kitu kinachopanga rangi kadhaa na mahali pa kila moja. Kitu hiki kina safu mbili zinazopaswa kulingana kwa idadi: katika Colors wekeni nyekundu, njano na kijani, na katika Positions wekeni 0f, 0.5f na 1f (f huonyesha namba ya desimali ya aina ya float). Nafasi ya kwanza lazima iwe 0 na ya mwisho 1, la sivyo programu itatoa hitilafu. Mkishaikabidhi ColorBlend hiyo kwa sifa ya brashi iitwayo InterpolationColors, kabla ya kuita FillEllipse, hudhurungi inatoweka. Jaribuni kubadilisha 0.5f iwe 0.2f, muone njano inavyosogea kushoto na kijani kikitanuka polepole.

Mkitaka rangi zitoke ukingoni kuelekea katikati, ongezeni duaradufu kwenye GraphicsPath, kitu kinachohifadhi mistari ya umbo, kisha mtumie PathGradientBrush na ColorBlend ileile. Kumbukeni tu kwamba kwa brashi hii nafasi 0 ni ukingo na nafasi 1 ni kitovu, hivyo anayetaka mwanga katikati aiweke nyeupe mwisho wa safu.