Heliamu, Zenoni na Skrubu Iliyolegea: Satelaiti Inavyofika Digrii 36 Mashariki

NEEMA: Karibuni tena wasikilizaji, tuko Dodoma, mimi Neema na mwenzangu Lazaro. Kaka Lazaro, swali linalokuja sana: roketi ikishapaa na watu wakapiga makofi, si kazi imekwisha?

LAZARO: Bado kabisa, dada. Chukua Eutelsat 36D, satelaiti ya matangazo iliyo juu ya longitudo ya digrii 36 Mashariki. Iliondoka Florida Machi 30, 2024 kwa roketi ya Falcon 9, ikiwa na takriban tani 5. Roketi iliiacha kwenye njia yenye umbo la yai. Kutoka hapo ikabidi ijipandishe yenyewe hadi kilomita 35,786 juu ya Ikweta, maana ni kimo hicho tu ndipo inazunguka sambamba na dunia, na dishi halina haja ya kuifuata.

NEEMA: Na haipandi kwa mafuta ya kawaida.

LAZARO: Inapanda kwa umeme. Paneli za sola zinazalisha umeme, umeme unachaji gesi ya zenoni na kuitupa nyuma kwa kasi kubwa mno. Msukumo wake ni kama uzito wa sarafu chache kiganjani, ila unaendelea kwa wiki na wiki. Faida ni uzito: satelaiti inayopanda kwa mafuta ya kemikali, karibu nusu ya uzito wake siku ya kurushwa huwa ni mafuta. Hasara ni muda. Ya kemikali hufika kwa wiki moja au mbili. Ya umeme huchukua miezi, tena inapita kwenye mikanda ya mionzi ya Van Allen inayoizunguka dunia, na mionzi hiyo inachosha paneli. Ndiyo maana paneli za ziada huwekwa tangu kwenye mchoro.

NEEMA: Mimi nasema uhondo wote uko kiwandani. Kusaini mkataba hadi kurusha ni kama miaka mitatu, na sehemu kubwa ya mwisho ni majaribio. Satelaiti inaingizwa kwenye chemba isiyo na hewa, inapashwa joto na kugandishwa kwa zamu, huku mitambo imewashwa. Inawekwa kwenye meza ya mtikisiko. Inafungiwa kwenye chumba chenye spika kubwa zinazotoa mngurumo kama wa roketi. Kila baada ya kipimo, mitambo inapimwa upya ili kuona nini kimebadilika.

LAZARO: Na kosa linaweza kuwa dogo sana.

NEEMA: Dogo mno! Satelaiti inapokea na kurusha kwa wakati mmoja. Inachorusha ni kikali, inachopokea ni hafifu kupindukia. Sasa skrubu ikilegea, au kiungo cha chuma kikiwa na uchafu, masafa yanayorushwa yanachanganyika pale na kuzaa masafa mengine yasiyotakiwa, ambayo yanaweza kuangukia kwenye kipokezi. Ukiligundua kiwandani, fundi anafungua na kusafisha. Ukiligundua juu, hakuna fundi wa kumpandisha.

LAZARO: Afrika tuna mfano mchungu. RASCOM-QAF1, iliyokusudiwa kuunganisha bara zima, ilirushwa Desemba 2007 kwa roketi ya Ariane 5 kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Ikiwa bado inapanda, gesi ya heliamu ikaanza kuvuja. Heliamu ndiyo inayosukuma mafuta kutoka tangini kwenda kwenye injini. Ilifikishwa kwenye nafasi yake, lakini umri ulioahidiwa wa miaka 15 ukashuka hadi kama miwili. Mbadala wake ukarushwa Agosti 2010.

NEEMA: Heliamu hiyohiyo ndiyo iliyoiponza satelaiti ya AMOS-6, Septemba 1, 2016. Roketi ilikuwa inajazwa mafuta kwa ajili ya jaribio la injini, satelaiti ikiwa tayari juu yake. Mtungi wa heliamu uliozama ndani ya tangi la oksijeni ya kimiminika ukapasuka, vyote vikaungua. Sehemu ya uwezo wake ilikuwa imekodishwa kwa intaneti ya Afrika kusini mwa Sahara. Kwangu mimi, kuweka satelaiti juu ya roketi kabla ya jaribio kama lile ni kuokoa siku moja ya kazi kwa bei isiyolipika.

LAZARO: Satelaiti ikishafika kwenye nafasi yake, kuna misimu miwili kwa mwaka, karibu na Machi na Septemba, ambapo inaingia kwenye kivuli cha dunia kila usiku, hadi dakika 70 hivi. Betri za lithiamu hubeba mzigo wote.

NEEMA: Na mchana wa misimu hiyo sisi tunaona upande wa pili. Hapa Dodoma satelaiti ya digrii 36 iko karibu utosini, pembe ya kama digrii 83 kutoka upeo wa macho. Siku chache baada ya Machi 20, na chache kabla ya Septemba 23, jua linapita nyuma yake kabisa, kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana. Kelele za redio za jua zinafunika mawimbi ya satelaiti, picha inakatika kwa dakika kadhaa.

LAZARO: Siku hizo msimwite mtu apande juu ya bati kugusa LNB, kile kichwa cha kupokea mawimbi kilicho mbele ya dishi. Subirini, itarudi yenyewe. Akiligeuza dishi saa ile, hapo ndipo mtakuwa mmeyapoteza mawimbi kweli.