Yale Maji ya Green Hill

DAUDI: Haya, tumerudi. Nina karatasi hapa, masomo matatu kuhusu emuleta, yaani programu za kuiga mashine za gemu za zamani ndani ya kompyuta, na programu huria, na leo naapa tunayamaliza yote. Lakini Rukia kaingia na macho mekundu. Dada, kulikoni?

RUKIA: Wiki hii imeniliza, kaka. Ile gemu yangu ya Sonic the Hedgehog, ya 1991, niliyowaambia wasikilizaji kwamba safari hii naimaliza na zumaridi zote sita...

DAUDI: Umetuimbia mwezi mzima.

RUKIA: Nilishafika Scrap Brain, eneo la mwishomwisho! Zumaridi zote ninazo. Jumanne kompyuta ikajisasisha yenyewe, emuleta ikapanda toleo. Nafungua sevu yangu, naambiwa faili haisomeki.

DAUDI: Usiniambie ulitegemea sevu ya emuleta peke yake.

RUKIA: Sasa ningefanyaje? Sonic ya kwanza haina pa kuhifadhi. Hakuna betri ndani ya katriji, hakuna hata neno la siri la kuandika. Ukizima Mega Drive, mashine yake ya Sega, unaanza upya Green Hill, eneo la kwanza.

DAUDI: Hapo ni kweli. Na kwa wageni: sevu ya aina hiyo ni mashine nzima iliyogandishwa. Kilobaiti 64 za kumbukumbu kuu, 64 nyingine za picha, 8 za Z80, prosesa ndogo inayoshughulikia sauti, na kila kitu prosesa kuu ya 68000 ilichokuwa imeshika sekunde ile. Vyote vimepangwa kwa mpangilio wa ndani wa emuleta yenyewe. Mwandishi wa programu akihamisha kitu kimoja, toleo jipya linasoma hesabu za sauti likidhani ni rangi.

RUKIA: Ndiyo maana halikusoma kabisa, likakataa. Afadhali. Sasa sikia uzuri wa chanzo huria. Msimbo wote upo, na historia yake yote ipo kwenye git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo. Nikatafuta lebo ya toleo lile la zamani, nikalishusha, nikaanza kulikompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa programu. Likagoma. Maktaba moja ya msimbo linayoitegemea ilishabadilika. Usiku wa kwanza nikalala nimeshindwa. Usiku wa pili nikarekebisha mistari miwili, likakubali. Nafungua sevu: Scrap Brain hii hapa, Sonic kasimama palepale nilipomwacha.

DAUDI: Hongera sana!

RUKIA: Nililia, sikufichi. Ingekuwa programu iliyofungwa, ningebaki kumbembeleza mtu anihurumie. Hapa hakuna aliyenipa ruhusa, kwa sababu ruhusa ilishaandikwa kwenye leseni.

DAUDI: Na hilo ndilo somo la kwanza! MAME, emuleta ya mashine za gemu za ukumbini, kwa mfano, ilitoka 1997. Kwa miaka mingi msimbo wake ulionekana na kila mtu, ila leseni ilikataza kuuza. Mpaka 2016 ndipo...

RUKIA: Ngoja, sijamaliza. Toleo lile nililolijenga lilianza na mipangilio mitupu, vichujio vyote vya kuiga picha ya runinga ya zamani vimezimwa. Nikasema ngoja nilijaribu kidogo tangu mwanzo. Nafika kwenye maporomoko ya Green Hill, naona fito za rangi zimesimama kama uzio. Nikakukumbuka wewe na maji yako.

DAUDI: Maji yangu! Wasikilizaji, mnalijua hili.

RUKIA: Wanalijua mno.

DAUDI: Basi nalisema tena. Mega Drive haina njia ya kuchanganya rangi za tabaka mbili kama Super Nintendo. Wachoraji wakachora mstari wa maji, wakaruka mstari, wakachora mwingine. Waya wa kompositi, unaobeba rangi zote kwa pamoja, ukizipeleka zile pikseli kwenye runinga ya kioo kinene, majirani wanaingiliana rangi, na mwamba unaonekana nyuma ya maji. Yale maji hayamo kwenye katriji, dada. Yanazaliwa kwenye runinga.

RUKIA: Mega Drive hiyohiyo inatoa pia RGB, nyekundu, kijani na bluu kila moja kwa njia yake. Aliyeiunga kwa waya wa SCART mwaka huohuo 1991 aliona fito. Alikuwa anacheza gemu gani, si Sonic?

DAUDI: Alicheza Sonic yenye maji mabovu.

RUKIA: Ah, hapana, kaka. Kazi ya emuleta ni kuiga mashine, na mashine inaishia kwenye tundu la waya. Runinga ni ya mtu. Weka kichujio pembeni, anayekitaka akiwashe.

DAUDI: Asiyejua kwamba kipo ataamini gemu ilichorwa vibaya. Mtoto ambaye hajawahi kuona runinga ile atawashaje asichokijua? Mimi nasema kiwashwe tangu mwanzo. Mwandishi wa programu anayejiita Blargg alishaandika msimbo wa kuiga kompositi ya Mega Drive, na leseni yake ni LGPL, leseni huria. Upo, ni wa bure, tunauficha wa nini?

RUKIA: Kompositi ya mashine ile inaleta pia mikanda ya upinde wa mvua juu ya maporomoko hayohayo. Unaitaka nayo?

DAUDI: Naitaka.

RUKIA: Na tarakimu za alama zenye ukungu?

DAUDI: Nazitaka zote. Ndivyo ilivyoonekana.

RUKIA: Ilivyoonekana kwenye runinga ipi? Kila kichujio ni runinga moja, kwa macho ya mtu mmoja. Pikseli hazina mjadala, naweza kuzihesabu moja baada ya nyingine.

DAUDI: Unahesabu nyuzi, kitambaa hukioni.

RUKIA: Na wewe unataka kitambaa kiloane kabla hakijauzwa.

DAUDI: (anacheka) Maji tena!

RUKIA: Sikubali, Daudi. Ukiyaoka yale maji ndani ya emuleta, siku mtu akitaka kujua mashine ilitoa nini hasa, utamwonyesha nini?

DAUDI: Na mimi sikubali. Tukihifadhi fito tupu, aliyewahi kuyaona yale maji akiondoka anaondoka nayo.

RUKIA: ...

DAUDI: ...

RUKIA: Haya, rudi kwenye leseni.

DAUDI: Naam. MAME, 2016, ikawa huria kamili. Somo la pili lilikuwa jinsi ya kutunza toleo la emuleta pamoja na sevu zake, ambalo dada yetu... naambiwa zimebaki dakika mbili.

RUKIA: La tatu lilikuwa lipi?

DAUDI: Kukompaili kwa anayeanza. Ulishalifundisha bila kujua, liache.

RUKIA: Basi nakutumia lile toleo nililolijenga. Liunge kwenye runinga yako ile nene, usimame mbele ya maporomoko, uniambie unaona nini.

DAUDI: Kwa waya upi?