Maelekezo Yenyewe Ndiyo Mtihani: Kumfundisha Kiingereza Mtandaoni Mhamiaji Asiyezoea Kusoma

Ahsanteni sana. Kabla sijasema lolote, naomba niwape zoezi. Kuna picha nne: nyundo, msumeno, shoka na gogo. Ipi haiendani na zenzake?

Nasikia "gogo, gogo". Vizuri, mmekwenda shule. Mwaka 1931 na 1932, mwanasaikolojia wa Kisovieti Alexander Luria aliwauliza swali la namna hii wakulima wa Uzbekistan ambao hawakuwahi kukaa darasani, na wengi wakakataa kuondoa hata kimoja. Ukiliondoa gogo, msumeno ukate nini? Jibu hilo lina akili tele, ila si jibu la shuleni. Sasa fungueni masomo ya Kiingereza ya mtandaoni ya wanaoanza; hamtakawia kukutana na zoezi hilohilo, picha nne, chagua isiyohusika. Kisha ripoti inatuletea habari kwamba mwanafunzi hajui msamiati.

Neno langu la leo liko hapo. Mtu mzima aliyehamia nchi ya watu bila kupata kisomo utotoni, kinachomwangusha kwanza si Kiingereza. Ni maelekezo, ni vitufe, ni mtindo wa zoezi. Mambo ambayo sisi tunaotengeneza masomo hatuyaoni, maana tuliyameza tukiwa watoto.

Nililiona hili kwa macho yangu. Nilikaa kando ya mama mmoja, simu mkononi mwake, kwenye skrini picha ya mkasi na chini yake maneno matatu. Kazi ilikuwa kuliburuta neno hadi kwenye picha. Akaitazama, akasema kwa sauti, wazi kabisa, "scissors". Kisha akagusa mkasi. Picha ikakua. Akagusa tena, ikarudi. Akabonyeza kwa nguvu na kidole kikakaa pale, simu ikamletea orodha ya kunakili na kuhifadhi. Mwishowe ikatoka alama nyekundu na ule mlio wa kukosea. Akanigeukia: "Mwanangu, kwani huu si mkasi?" Nilikosa la kumjibu. Zoezi lile nililitengeneza mimi.

Tuanzie mlangoni, kwenye kujisajili. Barua pepe, nywila yenye herufi kubwa na tarakimu, tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi karatasi zao zimeandikwa 1 Januari, kwa sababu kuna karani aliyelazimika kujaza chochote. Ukimpa mtu huyo gurudumu la miaka alizungushe kwa kidole, umemtahini kusoma, hesabu na kumbukumbu kabla hajatamka hata salamu. Dawa yake ni nyepesi: kiungo kimoja kwenye WhatsApp, akigusa yumo ndani. Wataalamu wa usalama watanuna. Wanune, somo la kusalimiana lina siri gani?

Akishaingia, maelekezo ayasikie, tena kwa lugha anayoielewa, na auone mkono wa mtu ukifanya tendo lenyewe. Kila somo liwe na tendo moja jipya la kidole. Wiki hii kugusa, wiki ijayo kushikilia kitufe na kurekodi sauti. Kuburuta kungoje. Na kitufe kikikaa chini kulia, kikae hapohapo hadi mwisho wa kozi. Wasanifu wanapenda kubadilisha sura ya ukurasa ili mwanafunzi asichoke. Huyu wetu kinachomchosha ni kutafuta upya kila siku.

Picha nazo zina mambo. Watafiti wa Ureno, Alexandra Reis na wenzake, walionyesha mwaka 2001 kwamba watu wazima wasiosoma wakipewa kitu halisi hutaja jina lake sawasawa na waliosoma, lakini wakionyeshwa kitu hichohicho kwenye picha au mchoro wanabaki nyuma. Baadaye watafiti hao wakaona kuwa rangi inawasaidia. Basi viachwe vile vichoro vya mistari myeusi vinavyoonekana nadhifu. Wekeni picha ya rangi, kitu kimoja, bila madoido. Na alama ile ya kuhifadhi kazi, picha ya diski ya zamani ambayo hata vijana wa leo hawajapata kuishika, inamwambia nini mtu huyu?

Sasa nije kwenye sauti, na hapa mniruhusu nikae kidogo. Nikiwaambia muondoe sauti ya kwanza kwenye neno "meza", mtasema "eza" bila kufikiri. Mwaka 1979 mtafiti José Morais na wenzake waliwapa watu wazima wa Ureno wasiosoma kazi ya aina hiyo, nayo ikawashinda wengi wao. Si kwamba masikio yao ni mabovu. Kuikata "m" ikasimama peke yake ni jambo tulilofundishwa na alfabeti. Kwa hiyo somo linaloanza na "b inasema bə" linamdai mwanafunzi kile hasa ambacho somo lilipaswa kumpa.

Mtaniambia: anza na silabi. Sisi wote tuliimba ba be bi bo bu. Mwalimu Paulo Freire alipita njia hiyo akifundisha watu wazima kusoma huko Angicos, Brazili, mwaka 1963: wafanyakazi takriban 300, saa 40, maneno yakitoka kwenye maisha yao. Neno kama "tijolo", yaani tofali, likazaa ta te ti to tu. Kireno kinakubali kwa kiasi chake, Kiswahili kinakubali zaidi. Kiingereza kinagoma. Mfundishe "go" na "so", amefurahi, kisha mletee "do" na "to" uone atakavyokutazama. Kwa hiyo naanza na maneno mazima ambayo tayari anayasema: jina lake, "stop", "open", "push". Ayaseme, ayatambue mlangoni na barabarani, na sauti ya kwanza ya jina lake iwe ufunguo wa herufi ya kwanza. Sheria za tahajia zitakuja; nyingine haziji kabisa, na mjue hivyo.

Jambo dogo la chapa: herufi "a" na "g" katika fonti nyingi hazifanani na zile anazofundishwa kuandika kwa mkono. Kwake "a" ya chapa na "a" ya mkono ni herufi mbili tofauti. Chagueni fonti yenye a ya duara, kama ile ya mkono.

Halafu tusiwaweke wote kapu moja. Mhandisi anayesoma Kiarabu na mama yule wa mkasi, wote wawili hawajui ABC. Mhandisi anahitaji herufi mpya na kuzoea kwenda kushoto kuelekea kulia. Mama anajifunza maandishi ni kitu gani. Mwongozo wa Baraza la Ulaya uitwao LASLLIAM, wa mwaka 2022, umesaidia hapa: unashuka chini ya A1, ngazi ya wanaoanza katika vipimo vya lugha vya Ulaya, na stadi za kidijitali umezipa vipimo vyake. Mtu anaweza kuwa juu huku, chini kule.

Zoezi la mkasi nimelitengeneza upya. Picha, kipaza sauti, basi. Mwalimu anasikiliza rekodi jioni na kumjibu kwa sauti.

Kazi ya nyumbani. Badilisheni lugha ya simu zenu iwe Kigeorgia au yoyote ambayo maandishi yake hamyasomi, kisha fungueni somo mlilotengeneza wenyewe, nalo kwa lugha hiyo, mjaribu kulimaliza. Ila kariri kwanza njia ya kurudi. Mimi nilisahau, nikakaa na simu ya Kigeorgia mpaka kesho yake.